Mjadala Wenye Adabu: Namna ya Kujifunza Siasa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kubainisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. 

Mwanafunzi wa chuo kikuu katika nchi yetu hujifunza siasa kwa njia mbili. Ya kwanza ni darasani, ambako anaandika tarehe, majina ya katiba na ya marais, akayatapika siku ya mtihani kisha akayasahau. Ya pili ni nje ya darasa: kwenye kibanda cha chai, bwenini usiku, katika makundi ya simu, ambako kila mmoja anazungumza na wale wanaofikiri kama yeye. Njia ya kwanza inampa habari bila ya kumfundisha kufikiri. Ya pili inampa hasira bila ya habari. Wazee wetu walisema msema pweke hakosi, na mtu anayejadili siasa na watu wa upande wake tu ni msema pweke, hata wawe mia moja chumbani.

Ipo njia ya tatu, nayo ndiyo ninayotaka tuitafakari leo: mjadala wenye utaratibu. Mada inawekwa mezani. Pande mbili zinapangwa. Kila msemaji anapewa muda wake, hakatizwi, kisha anajibiwa hoja kwa hoja. Mwenyekiti anasimamia, majaji wanasikiliza. Wengine wanaiona kuwa ni mchezo wa vilabu vya wazungu. Ninachotaka kusema ni kwamba njia hii imo ndani ya turathi yetu, na kwamba kwa kijana Muislamu wa Burundi kujifunza kumsikiliza mpinzani ni jambo la uhai na mauti.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Tuanze na mkoa wa Gitega, katikati ya nchi yetu. Tarehe 21 Oktoba 1993, siku aliyouawa Rais Melchior Ndadaye, makumi ya wanafunzi wa Kitutsi waliuawa Kibimba, wengi wao kwa kuchomwa moto. Walikuwa watoto wa shule. Tarehe 9 Septemba 2002, katika mkoa huohuo, kwenye tarafa ya Itaba, wanajeshi waliua raia zaidi ya 170, wanawake na watoto wakiwa miongoni mwao. Walikuwa watu wa vilimani, wakulima. Kati ya misiba hiyo miwili kuna mwingine unaotugusa sisi wa vyuoni moja kwa moja: usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Juni 1995, wanafunzi wa Kihutu waliuawa ndani ya Chuo Kikuu cha Burundi mjini Bujumbura, na miongoni mwa walioshutumiwa walikuwamo wanafunzi wenzao.

Sitaji haya ili kufungua vidonda, wala kupima msiba wa nani ni mkubwa zaidi. Nayataja kwa sababu ya jambo moja. Wanafunzi wa mwaka 1995 walikuwa wamesoma. Walikuwa na vitabu, wahadhiri na maktaba. Walikuwa wameketi kwenye madawati yaleyale na kula katika ukumbi uleule. Elimu waliyokuwa nayo haikuwazuia, kwa sababu elimu ya kukariri haimfundishi mtu namna ya kukaa na anayetofautiana naye. Mtu anaweza kuhitimu sheria, historia au uchumi, na asiwahi hata siku moja kumsikiliza mwenzake wa upande wa pili amalize sentensi yake.

Ndugu zangu, panga halianzi mkononi. Huanza pale mtu anapoamini kwamba upande wa pili hauna hoja yoyote, una shari tu. Akishaamini hivyo, mazungumzo kwake huwa ni kupoteza wakati, na kinachobaki ni nguvu.

Qur'ani inatufundisha kujadiliana

Katika Surat An-Nahl, aya ya 125, Mwenyezi Mungu anamuamuru Mtume wake awaite watu kwa hekima na mawaidha mema, kisha ajadiliane nao kwa njia iliyo bora kabisa. Angalia mpangilio huu. Mawaidha yameelezwa kuwa mema, lakini mjadala umetakiwa uwe bora kabisa, kwa sababu katika mjadala nafsi huamka na ulimi huteleza, kwa hiyo unahitaji adabu kubwa zaidi.

Katika Surat Sabaa, aya ya 24 na 25, kuna fundisho ambalo natamani kila mwanachama wetu alibebe moyoni. Mtume (s.a.w.), ambaye hakuwa na shaka hata chembe juu ya haki aliyokuja nayo, anafundishwa awaambie washirikina kwamba moja ya pande mbili, sisi au nyinyi, iko kwenye uongofu au kwenye upotevu ulio wazi. Wanazuoni wa tafsiri wakaongeza uzuri wa aya inayofuata: linapotajwa jukumu la upande wake, limetumika neno linalomaanisha makosa, na linapotajwa la wapinzani, limetumika neno la kawaida la matendo. Mjumbe wa Mwenyezi Mungu anafundishwa kuchagua neno kali kwa upande wake na neno laini kwa upande wa pili. Sisi tunaobishana juu ya vyama na mikoa, mambo ambayo hatuna wahyi ndani yake, tunafanya kinyume chake.

Tena Qur'ani haifichi hoja za wapinzani. Hoja ya Iblis ya kukataa kusujudu imeelezwa, kwamba yeye ni wa moto na Adam ni wa udongo. Maneno ya Firauni kwa Nabii Musa (a.s.) yameelezwa, tena akimkumbusha kwamba alilelewa katika nyumba yake. Mjadala wa Nabii Ibrahim (a.s.) na mfalme umeelezwa pande zote mbili. Na sura nzima, ya 58, imepewa jina la mwanamke aliyejadiliana. Khawla bint Thaalaba (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) kumlalamikia mumewe aliyemfananisha na mama yake kwa desturi ya kijahilia, akarudia hoja yake bila ya kuchoka, na Mwenyezi Mungu akateremsha hukumu iliyomwondolea dhiki yake. Hili ni jibu kwa ndugu wanaodhani kwamba kwenye mjadala dada zetu mahali pao ni viti vya nyuma.

Na Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) Yemen kuwa kadhi, alimuusia asimhukumie mlalamikaji wa kwanza mpaka awe amemsikia wa pili, kama walivyopokea Abu Daud na At-Tirmidhi. Warundi walikuwa na hekima inayofanana na hii katika taasisi ya bashingantahe: wazee wanakaa, fimbo ya intahe inagongwa chini, kila mdai anaeleza lake mbele ya watu, kisha wazee wanajitenga kushauriana na kurudi na kauli moja. Mababu zetu walijua kwamba kesi iliyosikilizwa upande mmoja haijasikilizwa.

Ibn Abbas na watu wa Harura

Mfano ulio wazi kabisa wa mjadala wa siasa katika historia yetu ni wa Abdullah bin Abbas (r.a.) na Makhawariji. Imepokewa na An-Nasai na Al-Hakim kwamba baada ya vita vya Siffin, mwaka wa 37 Hijria, watu wapatao 6,000 walijitenga na Ali (r.a.) wakakaa peke yao. Wengi walikuwa watu wa ibada, paji zao zimeota sugu kwa kusujudu. Ibn Abbas akamwomba Ali aicheleweshe kidogo Swala ya Adhuhuri ili aende kuzungumza nao. Ali akahofia maisha yake. Ibn Abbas akaenda.

Tuangalie alivyofanya, hatua kwa hatua, maana hapa ndipo penye somo.

Kwanza, alieleza ametoka kwa nani na amekuja kufanya nini: kuwafikishia wao wanayosema Muhajirina na Ansari, na kuwarudishia Muhajirina na Ansari wanayosema wao. Alikuja kubeba maneno ya pande zote mbili.

Pili, hakuanza kwa kujibu. Alianza kwa kuuliza: ni lipi mnalolilaumu kwa Ali? Wakataja mambo matatu. Kwamba amewaweka watu kuwa mahakimu katika jambo la Mwenyezi Mungu, ilhali hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Kwamba alipigana na hakuchukua mateka wala ngawira. Na kwamba katika hati ya suluhu alikubali kufuta cheo cha Amiri wa Waumini. Ibn Abbas akawauliza: kuna jingine? Wakasema hayo yanatosha. Madai yakawa yamefungwa, hakuna wa kuzua la nne katikati ya safari.

Tatu, aliwauliza kama watarejea akiwaletea hoja kutoka katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu na Sunna ya Mtume wake. Walikubaliana juu ya mizani kabla ya kuanza kupima.

Nne, alijibu moja baada ya jingine. Juu ya mahakimu, akawakumbusha kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe ameamuru waadilifu wawili wahukumu juu ya mnyama aliyewindwa katika ihramu, na ameamuru mahakimu wawili baina ya mume na mke. Je, damu za Waislamu hazistahiki zaidi? Juu ya mateka, akawauliza kama wangeridhika kumteka Bibi Aisha (r.a.), ambaye Qur'ani inamwita mama wa waumini. Juu ya kufuta cheo, akawakumbusha Hudaybiya, pale Mtume (s.a.w.) alipokubali lifutwe neno la utume wake katika mkataba na Makureshi, na kufutwa kwake hakukumtoa katika utume. Na kila alipomaliza jibu moja alisimama akawauliza: je, hili limekwisha? Wakisema ndiyo, ndipo alipokwenda kwenye linalofuata.

Katika riwaya hiyo, 2,000 kati yao walirejea siku ile. Waliobaki walipigana Nahrawan, na ni mtu wa kundi hilo aliyemuua Ali (r.a.) mwaka wa 40 Hijria. Tuyashike yote mawili. Mjadala uliookoa watu 2,000 haukuokoa wote, lakini kila aliyerejea siku ile alirejea bila ya tone la damu. Na miongoni mwao, riwaya inasema, wapo waliowaonya wenzao mapema kwamba wasizungumze kabisa na Ibn Abbas kwa kuwa ni Mkureshi. Walimkataa kwa kabila lake kabla ya kusikia neno lake. Ndugu Mrundi, je, ugonjwa huu unaufahamu?

Meza ya Arusha

Tuje kwetu. Mazungumzo ya amani ya Burundi yalianza Arusha, Tanzania, Juni 1998, chini ya Mwalimu Julius Nyerere. Alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akashika nafasi yake, na makubaliano yakasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Pande 19 zilikaa. Kazi iligawanywa katika kamati tano, na angalia ya kwanza ilipewa nini: asili ya mgogoro wenyewe. Kabla ya kuzungumzia demokrasia, jeshi, usalama au ujenzi wa nchi, walitakiwa kwanza waelezane ni kitu gani hasa wanachogombania. Wanazuoni wetu wa fiqhi wana jina la hatua hii, tahriru mahalli nizaa, yaani kulipambanua wazi jambo linalobishaniwa. Nusu ya ugomvi wa duniani hutokana na watu wawili kubishana juu ya vitu viwili tofauti huku wakidhani ni kimoja.

Lakini Arusha ina somo la pili, lenye uchungu. Makundi mawili makubwa yaliyokuwa na silaha, CNDD-FDD na FNL, hayakuwa miongoni mwa waliosaini. Karatasi ilisainiwa mwaka 2000, vita vikaendelea. Msiba wa Itaba umetokea miaka miwili baada ya saini za Arusha. CNDD-FDD ilifikia makubaliano na serikali Novemba 2003, na FNL ikasaini kusitisha mapigano Dar es Salaam Septemba 2006. Makubaliano huwafunga waliokaa mezani, na asiyekuwepo mezani hana alichoahidi. Kwa hiyo anapotuambia mtu kwamba fulani hafai hata kusikilizwa, tumuulize: umefikiria gharama ya yeye kubaki nje?

Chukua sasa mada moja iliyotoka katika mchakato ule. Katiba ya 2005, iliyojengwa juu ya Makubaliano ya Arusha, iliweka mgao wa viti katika Bunge: asilimia 60 Wahutu, asilimia 40 Watutsi, Watwa viti vitatu, na wanawake wasiopungua asilimia 30. Katiba ya 2018 iliubakisha mgao huo, ikaipa Seneti miaka mitano kutathmini kama uendelee au ukome. Hii ni mada ya mjadala kamili. Upande mmoja utasema mgao umempa kila mmoja uhakika kwamba hatamezwa, na kwamba woga ndio uliokuwa ukileta bunduki. Upande wa pili utasema mgao unamlazimisha mtoto aliyezaliwa baada ya vita kujiandika kabila ili apate nafasi, na kwamba Muislamu hapimwi kwa nasaba. Pande zote mbili zina hoja nzito. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kuzieleza zote mbili kwa uadilifu, dakika saba kila upande? Mwanafunzi anayeweza kufanya hivyo ameijua siasa ya nchi yake kuliko yule aliyekariri vifungu 100 vya katiba.

Je, inafaa kutetea usichokiamini?

Hapa hujitokeza swali ambalo vijana wenye dini huuliza, na wana haki ya kuliuliza. Katika mjadala wa mafunzo mtu hupangiwa upande. Je, kusimama na kutetea usichokiamini si uongo? Si ushahidi wa zuri?

Jibu ni kwamba uongo ni kumfanya msikilizaji aamini kitu kilicho kinyume na unavyokijua. Katika mazoezi haya kila aliyemo ukumbini anajua kwamba pande zimepangwa kwa kura, na mwenyekiti anatangaza hivyo mwanzoni. Hakuna anayeapa, hakuna anayetoa ushahidi, hakuna haki ya mtu inayokatwa. Msemaji anasimulia hoja za upande fulani, na tumeona kwamba Qur'ani inasimulia hata hoja za Firauni. Wanafiqhi waliandika vitabu vya khilafu wakieleza dalili za madhehebu wasiyoyafuata, wakazieleza kwa nguvu zake zote, ndipo wakajibu. Tangu karne ya saba Hijria, Shamsuddin As-Samarqandi aliandika risala ya adabu za munadhara, na ndani ya elimu hiyo kila mtu ana kazi yake: mmoja anadai na kuleta dalili, mwingine anauliza na kupinga, na upinzani wenyewe una njia zake maalumu: kuikataa nguzo ya hoja, kuivunja dalili yake, au kuleta dalili inayopingana nayo. Matusi hayamo katika orodha hiyo.

Ipo mipaka. Misingi ya imani hatuifanyi mada ya mchezo, kwa kuwa Surat At-Tawba imewakemea wanaofanyia mzaha aya za Mwenyezi Mungu. Kilicho haramu kwa dalili ya wazi hakipigiwi kura. Na data za uongo haziruhusiwi kwa upande wowote: unaweza kupangiwa upande, huwezi kupangiwa kusema uongo. Anayetaja takwimu aseme ameitoa wapi. Uwanja wetu ni mambo ya siasa ambayo sharia imeyaachia ijtihadi na maslahi ya watu, na uwanja huo ni mpana.

Jihadhari na maradhi ya mjadala

Imam Al-Ghazali, aliyefundisha Nidhamiya ya Baghdad na kuwaona wajadilianaji wakubwa wa zama zake, aliandika katika Ihyaa juu ya masharti manane ya munadhara na juu ya maradhi yanayozaliwa nayo: husuda, kiburi, kinyongo, kusengenya, kufurahia fedheha ya mwenzako, kuikataa haki kwa sababu imetoka kwa mpinzani. Anasema mtafuta haki ni kama mtu aliyepotelewa na mali yake: akiiona mikononi mwa mwingine anafurahi na kushukuru, hajali nani kaiokota.

Mtume (s.a.w.) ameahidi nyumba katika viunga vya Pepo kwa mwenye kuacha ubishi hata kama yuko kwenye haki, kama ilivyo kwa Abu Daud. Na ametuonya, katika hadithi ya Umm Salama (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba huenda mmoja wa wagomvi akawa hodari wa maneno kuliko mwenzake akahukumiwa kwa anayoyasikia hakimu, na anayepewa kwa ufasaha wake haki ya ndugu yake amepewa kipande cha moto. Kushinda mjadala na kuwa na haki ni vitu viwili.

Kwa hiyo pima nafsi yako kwa alama hizi. Ukitoka ukumbini umejifunza hoja usiyokuwa nayo, mjadala umekufaa. Ukitoka unatafuta nani amekupiga picha ukishangiliwa, umepoteza jioni yako. Na tuache tabia ya kumzima mwenzetu kwa takbira. Neno tukufu la kumtukuza Mwenyezi Mungu si kengele ya kumnyamazisha ndugu aliyebakiwa na dakika mbili.

Tuanzeje

Hakihitajiki kikubwa. Chumba kimoja, saa moja ukutani, watu wanane, na siku moja katika wiki mbili baina ya Alasiri na Magharibi.

Mada itangazwe wiki moja kabla, nayo iwe juu ya jambo, isiwe juu ya mtu. Tusiwe na mada yenye jina la kiongozi aliye hai wala la chama. Tuanze na mambo kama mgao wa viti, kuhamishiwa Gitega makao makuu ya siasa, au faida na hasara za Burundi kuwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Anayeanza kwa kuchokoza moto hataona mjadala wa pili. Idara ya chuo ijulishwe, na mlango uwe wazi.

Pande zipangwe kwa kura, na katika mjadala unaofuata wabadilishane: aliyetetea apinge. Timu zichanganywe, kaka na dada, wa mikoa tofauti. Kila msemaji apewe dakika saba.

Kisha iwepo kanuni moja ambayo kwangu ndiyo roho ya zoezi lote, nayo tumeiona kwa Ibn Abbas. Kabla ya kujibu, msemaji arudie hoja ya mpinzani kwa maneno yake mwenyewe, kisha amuulize: je, hivi ndivyo ulivyosema? Mpinzani akijibu hapana, anarudia tena. Hajibu mpaka aambiwe ndiyo. Mtaona jinsi jambo hili linavyokuwa gumu mwanzoni, na jinsi hasira inavyopoa mtu anaposikia maneno yake yakirudiwa kwa uadilifu na mdomo wa asiyekubaliana naye.

Majaji wapime uzito wa dalili, uadilifu wa kuieleza hoja ya mwenzako, na adabu ya ulimi. Wasipime sauti. Mwisho wapewe wote dakika chache kusema wanachokiamini kweli, kila mtu kwa nafsi yake, maana si vizuri mtu kuondoka na maneno ya kupangiwa tu kinywani. Tufunge kwa dua ya kikao na swala ya jamaa, bega kwa bega na uliyekuwa ukimpinga.

Wageni wasio Waislamu waalikwe. Sisi ni wachache katika nchi hii, na uchache una amana yake. Katika vita vya miaka ya tisini, mitaa mingi ya Bujumbura ilipogawanyika kwa makabila, Buyenzi, mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili, ulibaki mtaa wa watu wote. Wazee wa Buyenzi waliturithisha sifa hiyo kwa kuishi pamoja. Tutaidumisha vipi sisi wa vyuoni, tunaosema lugha moja na kusali safu moja, ikiwa hatuwezi hata kuzungumza siasa dakika kumi bila ya kutengana?

Wapo wanaosema siasa ni uchafu, Muislamu aiache. Lakini Mwenyezi Mungu, katika Surat Ash-Shura, ameiweka sifa ya kushauriana baina ya swala na kutoa katika alivyoruzuku. Na baada ya Uhud, ambako rai ya walio wengi ya kutoka nje ya Madina ilifuatiwa na msiba wa mashahidi 70, Mtume (s.a.w.) hakuambiwa aache kuwasikiliza watu. Katika Surat Al Imran, aya ya 159, ameamriwa awasamehe, awaombee maghfira, na aendelee kushauriana nao. Ikiwa shura haikufutwa hata baada ya Uhud, sisi tuna udhuru gani wa kuikimbia?

Ndugu zangu, wengi wetu kesho tutakuwa walimu katika shule za Gitega na Muyinga, mahakimu, maofisa, wazazi. Mwanafunzi atakayekuwa mbele yako atabeba alichokiona kwako. Akikuona unamsikiliza mpinzani mpaka mwisho, atajua kwamba jambo hilo linawezekana. Ghadhabu itakapopanda tena katika nchi, naye atakumbuka kwamba upande wa pili kuna mtu mwenye sababu zake na mama yake.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Zisafishe ndimi zetu na matusi na nyoyo zetu na kinyongo. Wape subira waliofiwa Kibimba, Itaba, Bujumbura na kila kilima cha nchi hii, na utujaalie tuwe sababu ya amani yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake wote. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.